Je, Wajua? Mimea ya Isecheno Hufa Kidogo Kidogo Ili Iishi

JE, WAJUA kwamba ukisimama chini ya mti mkubwa pale Isecheno, upande wa kusini wa Msitu wa Kakamega, sehemu kubwa ya mti huo ni seli zilizokufa? Gamba la nje limekufa. Mbao za katikati ya shina, zile ngumu zenye rangi nzito, zimekufa. Mirija inayopandisha maji kutoka mizizini hadi kileleni nayo imekufa. Kilicho hai ni utando mwembamba chini ya gamba, majani, machipukizi, ncha za mizizi, pamoja na seli zilizotawanyika katika mbao changa. Na mti wenyewe ni mzima wa afya.

JE, WAJUA kwamba seli hizo hazikuuawa na mdudu wala ugonjwa? Zilijiua kwa amri iliyoandikwa ndani ya jeni zake. Wanasayansi huliita jambo hili kifo cha seli kilichopangwa. Seli hupokea ishara, huandaa vimeng'enya vya kujimaliza, hukatakata kiini chake, kisha hufa kwa utaratibu. Mwili wako nao hufanya hivyo: vidole vyako vilitengana ukiwa bado tumboni mwa mama kwa sababu seli zilizokuwa kati ya kidole na kidole zilikufa kwa mpango.

JE, WAJUA tofauti ya kufa huku na kufa kwa ajali? Mvua ya mawe ikipiga majani ya chai, seli hupasuka papo hapo na yaliyomo humwagika. Hapo hapakuwa na amri. Lakini dhiki inayokuja polepole, iwe ukame, maji yaliyotuama, chumvi, jua kali au sumu ya udongoni, huupa mmea muda wa kuamua. Dhiki ikiwa ndogo, seli hujikinga na maisha huendelea. Ikizidi, seli hujiua kwa mpango. Ikipita kiasi, seli hufa ovyo kabla ya mpango kuanza. Katika maabara, seli za mimea zikitiwa kwenye joto la nyuzi 55 kwa dakika 10 hufuata njia ile ya pili. Joto likipandishwa mno, huungua tu.

JE, WAJUA kwa nini Isecheno ni mahali pazuri pa kuyatazama mambo haya? Msitu wa Kakamega ndio kipande pekee kilichosalia nchini Kenya cha ule msitu wa mvua uliowahi kuenea kutoka Kongo. Ulitangazwa kuwa msitu wa hifadhi mwaka 1933, na eneo la Isecheno likatengwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1967. Mvua hufikia karibu milimita 2,000 kwa mwaka. Kisha kati ya Desemba na Februari hupungua, na mimea iliyozoea unyevu hukumbana na ukavu. Ukitoka msituni hatua chache unakuta chai, na ng'ambo ya chai mashamba ya mahindi. Kwa hiyo dhiki za kila aina, za maji mengi, maji machache, kivuli, jua na udongo mchachu, zinapatikana mahali ambapo mtu anaweza kupazunguka kwa miguu asubuhi moja.

JE, WAJUA kwamba mti hunywa maji kwa kupitia seli zilizokufa? Waelekezi wa Isecheno huwapeleka wageni kwenye mti mkubwa wa mutere walioupa jina la Mama Mutere. Kila tone linalofika kwenye majani yake limepita katika mirija iliyotengenezwa na seli zilizojiua. Seli inayotaka kuwa mrija kwanza hujijengea ukuta mnene wa lignini, ile kemikali inayoupa mti ugumu. Wakati huohuo hukusanya vimeng'enya vikali ndani ya vakuoli, mfuko mkubwa wa maji ulio katikati ya seli. Kazi ya ukuta ikikamilika, vakuoli hupasuka. Vimeng'enya humwagika, kiini hubomolewa katika dakika chache, na kinachobaki ni ukuta mtupu wenye tundu kila mwisho. Maji hupita bila kizuizi. Seli hai yenye kiini na ute ingeyazuia.

Wajapani wawili, Hiroo Fukuda na Atsushi Komamine, ndio waliotuwezesha kulitazama jambo hili kwa karibu. Mwaka 1980 walichapisha kazi iliyoonyesha kwamba seli za jani la zinia, ua lile lile tunalolipanda mbele ya nyumba, zikitiwa kwenye maji yenye homoni mbili hugeuka kuwa seli za mirija ya maji na kufa mbele ya darubini. Kwangu mimi hiyo ni miongoni mwa kazi safi kabisa katika historia ya botania, na inastahili kufundishwa katika kila shule ya upili.

JE, WAJUA mbao za mti wa loliondo hupata wapi rangi na ugumu wake? Seli zilizo katikati ya shina, kabla ya kufa, hutengeneza kemikali chungu na kuzimwaga kwenye mbao zilizo jirani. Kemikali hizo huzuia kuoza na huchukiza wadudu. Fundi seremala anayeusifia moyo wa mti kwa kudumu anasifia kazi ya mwisho ya seli hizo.

JE, WAJUA kinachotokea chini ya mhindi uliosimama kwenye maji? Hapa inafaa tukae kidogo, maana ni habari ya kila mkulima mwenye shamba bondeni, kando ya vijito vinavyoingia mto Yala au Isiukhu.

Masika yakikolea, maji hujaza vijitundu vya udongo vilivyokuwa na hewa. Oksijeni husafiri ndani ya maji polepole mara 10,000 kuliko hewani. Mzizi huanza kukosa pumzi. Unapokosa pumzi, hutengeneza gesi iitwayo ethilini, ambayo kwa kawaida hutoroka kupitia udongo. Sasa maji yameufungia mlango, kwa hiyo ethilini hujaa ndani ya mzizi. Hiyo ndiyo ishara. Seli zilizo kati ya ngozi ya mzizi na mshipa wake wa katikati huanza kujiua, moja baada ya nyingine, na kuacha mifereji mitupu. Hewa kutoka shinani hushuka kwa mifereji hiyo hadi kwenye ncha. Isitoshe, seli zilizokufa hazihitaji tena oksijeni, kwa hiyo kidogo iliyopo huzitosha zilizobaki. Mwaka 1979 Malcolm Drew na wenzake huko Uingereza walionyesha kwamba ethilini ndiyo inayotoa amri hiyo katika mahindi.

Unaweza kujionea. Ng'oa mhindi mmoja uliokaa siku kadhaa kwenye tope, chagua mzizi mnene mweupe unaoota karibu na shina, uoshe, kisha uukate kwa kukingama kwa wembe mpya. Kata vipande vyembamba kabisa. Kielekeze kipande kimoja kwenye mwanga na ukitazame kwa kioo cha kukuzia: utaona duara la katikati, ngozi ya nje, na kati yake matundu yaliyotenganishwa na nyuzi nyembamba. Fanya vivyo hivyo kwa mhindi wa mlimani. Huko matundu ni machache au hayapo.

Na je, wajua kwamba mpunga hausubiri mafuriko? Huijenga mifereji hii mapema, hata udongo ukiwa mkavu. Nduma nayo ina tishu yenye nafasi za hewa, ndiyo maana inastawi pale ambapo mahindi hugeuka njano. Mhindi huanza kuchimba mifereji maji yakiwa yameshafika. Yakizidi siku, huchelewa. Mtaro wa kuondoa maji bado ni rafiki mkubwa wa mahindi kuliko uhodari wowote wa mzizi.

JE, WAJUA kwamba udongo mwekundu wa magharibi mwa Kenya unaweza kuua ncha ya mzizi bila dalili yoyote juu ya ardhi kwa majuma kadhaa? Mvua nyingi za miaka na miaka zimesafisha kalisi na magnesi, na maeneo mengi yamebaki na udongo mchachu. Kipimo cha pH kikishuka chini ya 5.5, alumini iliyokuwa imejifungia kwenye udongo huanza kuyeyuka. Alumini iliyoyeyuka hushambulia milimita chache za mwisho za mzizi, mahali hasa ambapo seli mpya huzaliwa. Seli hizo hujaa oksijeni kali, yaani zile molekuli za oksijeni zilizochachamaa na kuharibu kila zinachogusa, kisha hupokea amri ya kujiua. Mzizi hudumaa, huwa mfupi, mnene, wa rangi ya kahawia. Mkulima huona mahindi yamedumaa, hudhani yanahitaji mbolea, huongeza DAP. Mbolea hiyo, ikirudiwa kila msimu bila chokaa, huongeza uchachu.

JE, WAJUA kwamba mchai uliopandwa upande wa pili wa njia haujali? Chai hupenda udongo mchachu. Huichukua alumini, huifunga kwa kemikali zake, na kuirundika kwenye majani makuukuu bila kudhurika. Ukanda wa chai ya Nyayo, uliopandwa pembezoni mwa misitu ya serikali kuanzia mwaka 1986 ili kuzuia watu kuukata msitu, na shamba la mahindi lililo jirani, vinaweza kuwa na udongo uleule. Kwa mmoja alumini ni jambo la kawaida. Kwa mwingine ni hukumu ya kifo cha ncha za mizizi.

JE, WAJUA kwamba mti mkubwa ukianguka msituni, majani ya chini yaliyoponea kuangukiwa bado yako hatarini? Kwenye sakafu ya msitu wa mvua hufika asilimia 1 au 2 tu ya mwanga wa jua. Majani ya huko yamejijenga kukamata kila chembe ya mwanga. Ghafla paa linatoboka na jua la utosini linashuka. Klorofili hukamata nishati nyingi kuliko inavyoweza kutumia, na nishati ya ziada huigeuza oksijeni ya kawaida kuwa oksijeni kali. Majani hupauka, kisha huwa na mabaka ya kahawia, hasa katikati ambako jua lilipiga zaidi. Baada ya muda mmea huchipua majani mapya, madogo na manene zaidi, yanayoliweza jua.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba oksijeni hiyo huua seli kwa kuiunguza tu. Mwaka 2004 maabara ya Klaus Apel huko Zürich ilitoa habari iliyobadilisha mawazo. Walitumia mmea mdogo wa maabara, Arabidopsis, wa aina inayozalisha oksijeni kali inapotolewa gizani na kuwekwa kwenye mwanga. Mimea ilikufa. Kisha wakaharibu jeni moja waliyoiita EXECUTER1. Oksijeni kali ilizalishwa kama kawaida, lakini mimea haikufa! Sumu ilikuwepo na seli zikaendelea kuishi. Kilichokuwa kikiua ni amri ya mmea wenyewe baada ya kuihisi sumu. Nikiambiwa nichague ukweli mmoja tu katika ukurasa huu wote wa kumpelekea mwanafunzi, ningechagua huu.

JE, WAJUA kwamba doa la kahawia kwenye jani linaweza kuwa ushindi? Tembea kwenye njia za Isecheno uchunguze majani ya vichaka vya pembeni. Utakuta madoa ya aina mbili. Moja hupanuka, halina mpaka dhahiri, na jani huzidi kuwa njano kulizunguka. Jingine ni dogo, kavu, limekaa palepale, na sehemu nyingine ya jani ni kijani kibichi. Mara nyingi lile la pili ni mahali ambapo ukungu au bakteria waliingia, na seli za hapo zikajiua mara moja. Wanakijiji wanaoona moto unakuja huchoma wenyewe ukanda mwembamba wa nyasi ili moto ukifika ukose cha kula. Jani hufanya vivyo hivyo.

Mwaka 1915 Mmarekani Elvin Stakman, akichunguza kutu ya shina la ngano, aliandika juu ya jambo hilo kwa kina. Aliona kwamba ngano yenye kinga ndiyo ambayo seli zake hufa upesi zaidi pale kutu inapogusa. Kutu hula seli hai tu. Ikinyimwa, hufa njaa.

JE, WAJUA kwamba habari hiyo ya kutu ina sura nzito ya Afrika Mashariki? Mwaka 1998, katika kituo cha Kalengyere nchini Uganda, ilionekana kutu ya shina iliyoishinda jeni ya kinga iitwayo Sr31, ambayo mashamba ya ngano ya nchi nyingi yalikuwa yakiitegemea. Ikapewa jina Ug99. Mwaka 2005 Norman Borlaug, mshindi wa Tuzo ya Nobeli, akapiga mbiu duniani. Tangu hapo kituo cha utafiti cha Njoro, katika kaunti ya Nakuru, kimekuwa kikipokea maelfu ya aina za ngano kutoka nchi mbalimbali na kuzipanda katikati ya kutu ili ionekane zipi zinasimama. Mkulima wa ngano wa mbali kabisa anadaiwa shukrani na Njoro.

Mwaka 2013 watafiti waliitenga jeni iitwayo Sr35, kutoka kwa ngano ya kale, inayoikabili Ug99. Mwaka 2022 umbo la protini yake likachorwa. Protini hiyo ikikutana na kitu mahususi kinachotolewa na kutu, molekuli tano hujiunga na kufanya duara lenye tundu katikati. Tundu hilo hukaa kwenye utando wa seli na kuruhusu kalisi kumiminika ndani. Kalisi ikijaa, seli hufa, na kutu pamoja nayo. Hivyo ndivyo amri inavyotekelezwa.

JE, WAJUA kwamba kahawa nayo hutumia mbinu hiyo? Aina ya Ruiru 11, iliyotolewa kwa wakulima wa Kenya mwaka 1985, ilizalishwa kwa kuchanganya damu ya kahawa zinazostahimili kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa. Katika kahawa zenye kinga dhidi ya kutu, seli za jani hufa mapema pale ukungu unapoingia.

JE, WAJUA kwamba kuna ukungu unaoigeuza silaha hii dhidi ya mmea? Si kila adui anahitaji seli hai. Wengine hula maiti. Miaka ya 1940 nchini Marekani wakulima walipanda kwa wingi nafaka ya oti iliyokuwa na kinga dhidi ya kutu. Ukatokea ukungu mpya unaotoa sumu iitwayo viktorini. Sumu hiyo huamsha kinga, seli hujiua kwa wingi, na ukungu hukaa mezani. Mashamba yaliangamia kwa sababu ya kinga yake yenyewe. Ndiyo maana wataalamu wa mbegu huogopa kutegemea jeni moja peke yake.

JE, WAJUA kwamba hata gugu la striga, ambalo Waluo huliita kayongo na ambalo limewaliza wakulima wengi wa magharibi mwa Kenya, linaweza kukutana na ukuta wa seli zilizojiua? Striga huchomeka mzizi wake ndani ya mzizi wa mhindi au mtama na kunyonya. Kunde za Afrika Magharibi zinashambuliwa na ndugu yake. Mwaka 2009 ilitangazwa jeni ya kunde inayoitambua striga hiyo na kuziamuru seli zinazolizunguka gugu zife. Gugu hukwama mlangoni. Kwenye mahindi yetu kinga ya namna hiyo bado ni adimu. Wakulima wengi wamepata nafuu kwa kupanda desmodiamu katikati ya mistari, njia iliyoendelezwa na taasisi ya icipe huko Mbita.

JE, WAJUA kwamba ugali unatokana na seli zilizokufa? Sehemu nyeupe ya punje ya mahindi iliyokomaa ni seli zilizojazwa wanga kisha zikafa kwa mpango wakati punje ikikauka. Hazikumeng'enywa. Zilihifadhiwa na wanga wake, zikingoja kiini cha mbegu kiamke.

Punje ikilowa, habari inaendelea, na mama wa busaa anaijua hatua hii kwa mikono yake. Wimbi hulowekwa, hutandazwa, hufunikwa hadi liote, kisha huanikwa. Hicho ndicho kimea. Kuzunguka ule wanga uliokufa kuna tabaka jembamba la seli ambazo bado ni hai. Kiini cha mbegu kikipata maji hutuma homoni iitwayo jiberelini. Seli za tabaka lile huanza kutengeneza vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, huvimwaga vyote, kisha hujiua. Zikifa mapema, utamu haupatikani. Zikichelewa, chipukizi hutumia sukari yote. Mama anayejua siku ya kukianika kimea anajua, kwa macho na pua, mahali ilipofikia kazi ya seli hizo. Utafiti mwingi umefanywa kwa shayiri ya kutengenezea bia, lakini nafaka kwa jumla hufuata njia hiyo.

JE, WAJUA kwa nini mhindi unaopatwa na joto kali au ukame wakati wa kutoa maua hubaki na magunzi yenye mapengo? Sababu ni kadhaa. Mojawapo iko ndani ya vifuko vya chavua. Humo kuna tabaka la seli linalolisha chavua, na kazi yake ya mwisho ni kufa na kuiachia chavua mali yake yote. Wakati ni kila kitu. Katika nafaka kadhaa imeonekana kwamba joto kali huzifanya seli hizo zife kabla ya siku yake, na chavua hudhoofika au hufa njaa.

JE, WAJUA kwamba jani la njano si jani lililotelekezwa? Msimu mkavu ukifika Isecheno, miti kadhaa hupunguza majani ili kupunguza kiu. Kabla ya kulidondosha jani, mti huvunja klorofili na protini zake na kurudisha shinani karibu nusu ya nitrojeni na fosforasi, wakati mwingine zaidi. Seli za jani hubaki hai hadi mzigo uishe, ndipo hufa. Kima wa Isecheno, ambao watafiti wamekuwa wakiwafuatilia tangu mwaka 1979, pamoja na mbega, wakila majani huchagua machanga. Wana haki. Lile la njano limeshachukuliwa kilicho bora.

JE, WAJUA kwamba mmea hauna wa kuzizika seli zake? Mwilini mwako seli iliyojiua humezwa na seli nyingine. Seli ya mmea imefungwa ndani ya ukuta na haiwezi kumfikia jirani. Kwa hiyo hujimeng'enya yenyewe, kwa vimeng'enya vya vakuoli. Mwaka 2004 Wajapani wa Kyoto walionyesha kwamba kimeng'enya kimoja cha vakuoli kikiondolewa, tumbaku iliyoshambuliwa na virusi hushindwa kuziua seli zake inavyopaswa.

JE, WAJUA kwamba tumbaku pia ilitoa taarifa ya hewa chafu? Mwaka 1959 ilithibitika kwamba vidoa vilivyokuwa vikitokea kwenye majani ya tumbaku Marekani vilisababishwa na ozoni, gesi inayotokana na moshi wa magari ukipigwa na jua. Jani huidhania ozoni kuwa adui aliyeingia, na kuziamuru seli zife.

JE, WAJUA kwamba ua la asubuhi, lile la mmea unaotambaa kwenye ua wa shamba, hufunguka alfajiri na kufa siku hiyohiyo kwa mpango? Na kwamba maua ya kanesheni yanayosafirishwa kutoka Kenya yakivuta ethilini hunyauka upesi, ndiyo maana hayawekwi karibu na matunda yanayoiva? Na kwamba huko Bukini kuna mmea wa majini ambao majani yake hujitoboa matundu kwa mistari, seli zikijiua katikati ya kila kisanduku?

JE, WAJUA kwamba mwiritsa, ambao wataalamu huuita Prunus africana, unaweza kufa kwa sababu ya kutoijua tofauti ya gamba lililokufa na gamba lililo hai? Gamba lake hutafutwa kwa dawa ya tezi dume, na tangu mwaka 1995 biashara yake ya kimataifa inasimamiwa na mkataba wa CITES. Gamba la nje ni seli za kizibo zilizojiua ili kuuzuia mti usipoteze maji na usiingiliwe na wadudu. Chini yake kuna tabaka hai linaloshusha sukari kutoka majanini. Anayebandua gamba kuzunguka shina lote huikata njia hiyo. Mizizi hufa njaa, kisha mti wote. Hakuna mpango wa seli unaoweza kuziba jeraha la namna hiyo, hata uwe umekamilika vipi.

JE, WAJUA unachoweza kufanya? Ukiona vidoa vidogo vikavu ambavyo havienei kwenye maharage au sukuma wiki, usikimbilie dawa. Vizungushie alama ya kalamu na uvitazame baada ya siku nne. Vikibaki ndani ya alama, mmea umeshajitetea. Vikivuka, tafuta ushauri. Shamba likituamisha maji, chimba mtaro kabla ya masika, si baada ya mahindi kuwa njano. Na kwako mkulima wa Shinyalu, Ikolomani, Malava na kwingineko: kabla ya kununua mfuko mwingine wa mbolea, chukua udongo wa sehemu mbalimbali za shamba, uchanganye, na umuulize afisa wa kilimo wa wadi yako au kituo cha utafiti wa kilimo cha KALRO cha Kakamega mahali pa kuupima. pH ikiwa chini ya 5.5, anza na chokaa ya kilimo, uitie mapema ili ipate muda wa kufanya kazi kabla ya kupanda.